Nzi Juu ya Jina Letu

Siku barua ilipofika tulikuwa wanne chumbani, na nitawataja wote ili baadaye asije mmoja akadai kwamba hakuwepo tulipocheka. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba, nimekaa kwenye kigoda nikichambua mchele. Alikuwepo dada yangu anayenifuata, ambaye barua ilikuwa yake. Alikuwepo kitinda mimba wetu, msichana wa miaka tisa mwenye ulimi wa mtu wa arobaini. Na alikuwepo fundi cherehani wa chumba cha pili, aliyeileta barua yenyewe, kwa sababu barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la duka la jumla ambalo yeye alishona barazani pake. Ukimhesabu nzi tulikuwa watano, na lazima ahesabiwe, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Jina la ukoo wetu lina ng' katikati. Sitaliandika hapa, kwa kuwa dada zangu hawajanipa ruhusa, lakini ni ng' ile ya ng'ombe, si ng ya ngazi. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alikiita kile kialama ritifaa. Baba hakuwahi kulisikia neno hilo. Yeye alipotufundisha kuandika jina alidonoa karatasi kwa ncha ya penseli na kusema, "Hapa juu anatua nzi. Msimfukuze." Alikuwa na sababu. Katika lugha ya nyumbani, jina letu likikosa nzi linageuka kuwa neno jingine kabisa, linalohusu tumbo la kuendesha, na baba alikuwa mtu wa heshima zake.

Wazazi walitutoka, mama kwanza, baba mwaka uliofuata, nami niko kidato cha pili. Niliacha shule siku ya Ijumaa. Jumatatu nilikuwa nimeshazunguka nusu ya eneo la viwanda nikiuliza kazi, na baada ya miaka kadhaa ya kufagia hapa na kufunga sabuni pale, nikapata mahali nilipokuja kukaa miaka mingi: chumba cha kutoboa kadi za kompyuta. Kila asubuhi nilitoka mtaani kwetu Ziwani kwa miguu, na kila jioni nilirudi vivyo hivyo, masikio yakivuma kama niliyelala ndani ya ngoma.

Kwa wasiowahi kuiona kadi ile, ilikuwa karatasi ngumu inayokaribia ukubwa wa bahasha. Ilikuwa na safu themanini za kusimama, na kila safu ilibeba herufi moja tu. Katika safu kulikuwa na nafasi kumi na mbili za kutobolewa. Tarakimu ilitaka tundu moja: tatu ilitobolewa kwenye tatu, basi. Herufi zilitaka matundu mawili. A ilikuwa tundu la juu kabisa pamoja na la moja, B la juu kabisa pamoja na la mbili, na kuendelea hivyo. Kompyuta haikuijua A hata kidogo. Ilijua matundu. Ni kweli kwamba mashine yetu ilichapa pia herufi kwa wino kwenye ukingo wa juu wa kadi, lakini hizo zilikuwa za kutufariji sisi watu. Kompyuta haikuzitazama.

Kadi zilizoharibika tuliruhusiwa kuzichukua, nami nilizibeba nyumbani kwa mafungu. Tuliwashia jiko, tuliandikia vya kununua dukani, na fundi alizikata vipande akazitia ndani ya kola za mashati ili zisimame. Kuna wanaume wa Ziwani waliokwenda kanisani na wengine msikitini na orodha ya wafanyakazi wa kiwanda kizima shingoni. Kitinda mimba yeye alikusanya vile vipunje vinavyodondoka tundu likitobolewa. Alijaza kopo, akaja kumwagia bibi harusi mmoja wa jirani, na wiki nzima baadaye bibi harusi yule alikuwa akiokota herufi nywelani.

Msimamizi wetu kazini alikuwa mama wa makamo, mwembamba, aliyevaa miwani kwenye kamba. Juu ya majina ya watu alikuwa na sheria moja: herufi peke yake. Hakuna nukta, hakuna mkwaju, hakuna ritifaa. "Kompyuta si mwalimu wa Kiswahili," alisema. "Mkiipa vialama itawapa vituko." Basi kwa miaka miwili nilitii. Kila fomu iliyokuja na ng' ilitoka mikononi mwangu na ng tupu. Niliwafukuza nzi wengi kuliko mwenye bucha.

Halafu ikaja kazi ya chuo kimoja cha wauguzi. Lilikuwa fungu la fomu za wasichana waliokubaliwa, tuwatobolee kadi, kompyuta iwachapie barua za kuitwa. Katikati ya fungu nikakutana na mwandiko ninaoujua kama sufuria yangu. Ulikuwa wa dada yangu. Jina lilikuwa kamili, na nzi yuko juu amekaa kwa raha zake.

Nilitazama kushoto na kulia. Dada yangu angeitwa muuguzi kwa jina la kuhara? Karibu na dirisha kulikuwa na mashine kuukuu iliyokimbiwa na wote kwa sababu ya kelele, na kwenye kitufe chake kimoja, tofauti na mashine zetu nyingine, kulikuwa na ritifaa, nyeusi, dhahiri. Nikachukua fungu langu nikahamia huko. Nilipofika kwenye jina letu nikabonyeza kitufe kile. Ukingoni mwa kadi wino ukamchapa nzi, mzuri, kama alivyochorwa na baba. Kwa kawaida kadi zilipitiwa na mtu wa pili ili kuhakikiwa, lakini siku ile mwenzangu alikuwa mgonjwa, nikazihakiki mwenyewe. Hilo halikuruhusiwa. Na nilijipa alama zote.

Siri za kazini hazikutolewa nje, kwa hiyo sikumwambia mtu kwamba dada amekubaliwa. Nilinyamaza majuma mawili. Ila jioni moja ya Jumanne miguu ilinipeleka yenyewe buchani, nikarudi na nusu kilo ya nyama.

"Nani amekufa?" dada akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Kuleni."

Fundi akachungulia mlangoni akifuata harufu. "Nyama siku ya Jumanne! Bibi mkubwa ameposwa na hatuambiwi." Aliniita bibi mkubwa kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilifoka kama mwenye sitini.

Basi tumerudi pale kwenye mchele na barua. Dada alifungua bahasha kwa kisu, polepole, kama anayetumbua jipu. Kitinda mimba akapanda kitandani asome juu ya bega lake. Alisoma kwa sauti neno baada ya neno, akafika kwenye jina, akakwama.

"Sista, hapa kuna konokono."

"Konokono gani? Soma vizuri."

"Si huyu! Katikati ya jina. Kuna konokono amejikunja."

Nikaacha mchele. Kweli. Pale ambapo nzi alipaswa kutua palikuwa na kitu cha mviringo chenye mkia unaokizunguka: @. Fundi akavaa miwani, akaisogeza barua, akaitenga tena mbali na macho.

"Hiki nakijua," akasema. "Mwenye duka hukiandika kwenye hesabu zake kabla ya bei ya kitu kimoja. Ndoo sita, halafu hiki, halafu shilingi kadhaa." Akamtazama dada juu mpaka chini. "Hongera binti, wamekutia bei. Ila wamesahau kuandika ni ngapi."

Tulicheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshaikumbuka mashine ya dirishani na sikutaka mtu aniulize.

Jumatatu dada alikwenda chuoni kuthibitisha nafasi yake. Alivaa gauni la kanisani, akabeba barua na cheti chake cha kuzaliwa. Yaliyotokea huko alitusimulia jioni huku akiosha vyombo kwa kishindo. Karani wa chuo, mzee mwenye rula, alizipanga karatasi mbili sambamba, akateremsha rula mpaka kwenye jina, akasimama.

"Hii ni nini?"

Na dada yangu, mwanafunzi bora wa darasa lake, akajibu kama tulivyozoea nyumbani: "Ni nzi, mzee."

"Nzi?"

"Yaani, alikuwa nzi. Kwenye barua amekuwa konokono."

Karani akafunga faili. "Binti, nina orodha ya akiba ya wasichana ambao majina yao hayana wadudu. Lete barua inayolingana na cheti kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Saa sita na dakika moja, nafasi ni ya mwingine."

"Sasa?" kitinda mimba akauliza.

"Sasa nini? Sasa nitauza mandazi," dada akasema, na sahani ikalia.

Nilijua kwamba kadi ile niliitoboa mimi. Nilijiambia kuwa kosa lazima ni la kompyuta, na usiku huo nikalala nikiwa na hasira na chombo ambacho sijawahi hata kuruhusiwa kukigusa.

Asubuhi nilipofika kazini nilikwenda moja kwa moja kwenye droo za kadi za chuo, nikaitafuta kadi ya dada, nikaipata. Ukingoni nzi alikuwepo, salama. Nikajawa na ushujaa. Nikaipeleka kadi mpaka kwenye meza ya msimamizi na kuiweka mbele yake.

"Mama, tazama. Mimi nilipiga sawa. Kompyuta ndiyo iliyoharibu."

Kwanza alinitazama mimi. Halafu akavua miwani, jambo lililonishangaza, akaishika kadi na kupitisha kidole gumba juu ya safu kama mtu anayetafuta jiwe kwenye dengu.

"Nane na nne," akasema.

"Nini, mama?"

"Matundu uliyotoboa. La nne na la nane. Ulitumia mashine ya dirishani?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Mashine ile ni ya zamani. Wenyewe walioitengeneza walikubaliana kwamba nne na nane ni ritifaa. Waliotengeneza kompyuta yetu walikubaliana kwamba nne na nane ni hicho kidude cha bei. Hakuna aliyekosea isipokuwa wewe. Kitufe kimekuonyesha nzi, wino umekuonyesha nzi, nawe ukaamini. Binti, umefanya kazi hapa miaka miwili na bado unasoma wino?"

"Samahani, mama."

"Na sheria yangu ya herufi peke yake?"

Ndipo nikamweleza yote: baba, penseli, tumbo la kuendesha, karani na rula yake, na Ijumaa saa sita. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipofika kwenye tumbo la kuendesha niliona mdomo wake ukitetemeka pembeni, lakini aliudhibiti.

Kunifukuza kazi alikuwa na haki. Badala yake alisimama akaenda kwenye mashine ya dirishani, nami nyuma yake. Aliniketisha, akaniamuru nitie kadi ya dada upande wa kunakili na kadi mpya upande wa kutoboa. Mashine ilijua kunakili kadi safu kwa safu. Tukanakili mpaka kwenye N, mpaka kwenye G, tukasimama.

"Sasa. Kwenye kompyuta yetu nzi wako ni tano na nane. Kwenye mashine hii hakuna kitufe cha tano na nane pamoja. Utafanyaje?"

"Sijui, mama."

"Shikilia hiki." Akaniwekea kidole kwenye kitufe kinachoizuia kadi isisogee. "Usiachie. Piga tano. Usiachie nimesema! Piga nane. Sasa achia."

Kadi ikaruka safu moja. Nikaitazama ukingoni. Pale pa nzi wino ulikuwa umeacha doa tu, uchafu usio na sura.

"Hakutokea," nikasema, nikihisi machozi.

"Unasoma wino tena," akasema. "Pitisha kidole."

Nikapitisha. La tano. La nane.

Mchana wenzangu walipokwenda kula, msimamizi alizungumza na kijana wa chumba cha kompyuta, yule aliyevaa koti jeupe kama daktari. Walizungumza kwa muda mrefu kupitia kioo nami sikusikia neno. Nilimwona kijana akikataa, akikataa tena, kisha akipokea kadi yangu kwa vidole viwili. Mashine ya kuchapa ikanguruma mara moja tu, kwa ajili ya barua moja. Msimamizi akaniletea.

Nzi alikuwa ametua.

"Nitakulipa nini, mama?" nikauliza. Nilikuwa nikifikiria kuku. Kuku alikuwa mwisho wa uwezo wangu.

Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa. Moja ilikuwa cheti chake cha shule, cha zamani, rangi ya chai. Jina lake lilianza na ng', na nzi yuko, amechorwa kwa mkono na mwalimu fulani mwenye mwandiko mzuri. Ya pili ilikuwa hati yake ya mshahara. Ng tupu.

"Mimi nilimfukuza wangu mwenyewe," akasema. "Siku ya kwanza ya kazi. Niliambiwa herufi peke yake, nikasema ndiyo bwana. Miaka yote hii kila karatasi inayotoka hapa inaniita mtu mwingine." Akazikunja tena. "Kuku kaa naye. Wewe una deni la nzi mmoja. Siku moja utanirudishia wangu, atoke kwenye mashine, bila mkono wa mtu kumchora. Nimemaliza."

"Na sheria?"

"Sheria ipo. Na ukiivunja tena nitakufukuza."

Siku ya Alhamisi dada alikuwa mlangoni mwa karani kabla ya mlango kufunguliwa. Mzee alipanga karatasi zake mbili, akateremsha rula, akasimama pale pale. Akainama mpaka pua ikakaribia meza.

"Amerudi," akasema, akagonga muhuri.

Jioni ile fundi alileta sukari, na kitinda mimba akapeleka habari mlango kwa mlango kwamba dada yetu atakuwa muuguzi na kwamba konokono ameshindwa. Dada alinikumbatia akaniuliza nilifanyaje. Ndipo nikakiri kwamba konokono nilimfuga mimi. Alinipiga na mwiko, kisha akanikumbatia tena.

Deni lile nililibeba mpaka kadi zilipokwisha. Kwenye miaka ya themanini mashine za kutoboa ziliondolewa, ile ya dirishani ikiwa ya kwanza, na tukapewa mashine zenye vioo. Hapakuwa na tundu tena. Kila herufi ilikuwa namba ndani ya mashine. Niliuliza, nikaambiwa nzi sasa ni thelathini na tisa, na konokono ni sitini na nne. Nilifurahi. Namba zilikuwa mbali, nikadhani hawatachanganyikana tena.

Msimamizi alipokaribia kustaafu, nilipewa kazi ya kuandaa cheti chake cha kuagwa. Nililiandika jina lake taratibu. N. G. Nikabonyeza nzi, nikaendelea mpaka mwisho, nikatuma kuchapwa. Cheti kikatoka na herufi mbili peke yake, NG, halafu uwanja mweupe mpaka ukingoni. Kijana wa koti jeupe, ambaye sasa alikuwa na kitambi, alinieleza kwamba aliyeandika ile programu alitumia thelathini na tisa kama ishara ya kuonyesha kwamba maneno yamefika mwisho. Kompyuta ilimwona nzi ikadhani jina limekwisha.

Nikachapa upya bila nzi. Siku ya kuagana, kabla hajaitwa mbele, nilimfuata pembeni nikiwa na cheti na kalamu ya wino mweusi.

"Mama, nikutilie kwa mkono. Hakuna atakayejua."

Alikirudisha mwenyewe kifuniko cha kalamu yangu. "Deni la mashine hulipwa na mashine," akasema. "Unataka kunilipa kwa mayai deni la kuku?"

Mwaka uliofuata alilazwa siku chache katika wodi ambamo dada yangu alikuwa zamu. Dada ananiambia kwamba mgonjwa yule hakuulizia dawa, hakuulizia chakula. Alivaa miwani yake ya kamba, akaivuta beji kifuani pa dada, akaitazama kwa muda, kisha akaivua miwani na kupitisha kidole gumba juu ya jina.

"Huyu nzi ni wenu," akasema. "Mwambie dada yako mkubwa kwamba wangu bado namsubiri."